Keki ya Mengo na Miko Yake Miwili

Kwanza mchanga. Unachekechwa, unamwagwa ndani ya sufuria kubwa mpaka ufike kimo cha vidole viwili, kisha sufuria inaachwa juu ya sigiri, jiko la makaa, ipate moto. Vinafuata vijiwe vitatu, halafu bati lililopakwa siagi na kutiwa rojo, halafu kifuniko, na juu ya kifuniko makaa yaliyokwisha kushika vizuri. Ya juu yazidi ya chini kidogo, la sivyo keki itaungua kitako kabla uso haujakauka. Mpishi hafunui kuchungulia. Anatega pua. Ipo harufu ya sukari inayopashwa moto, na ipo harufu ya keki, na aliyezoea anaijua dakika ambayo ya kwanza inaipisha ya pili. Hapo ndipo anapotafuta njiti ya kuchomea.

Keki nyingi za Mengo, kilima cha Kampala, zimezaliwa hivyo, katika nyua za nyuma ya nyumba kati ya Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na kilima cha Namirembe lilipo kanisa kuu la Waanglikana. Mtu wa Lamu au Unguja akipita hapo hatauliza swali. Mkate wa mayai wa pwani nao huokwa kwa moto wa chini na moto wa juu, na bibi yake alimwonya vilevile asifunue. Maarifa haya yanaishi vichwani, na kwa bahati njema katika madaftari ya shule yenye madoa ya mafuta, ambayo hutupwa pamoja na vyombo vilivyovunjika kila nyumba inapohamwa.

Fundi wa keki wa Kampala ya leo anajifunza kwa simu. Ananunua rangi, vibati na vanila ya chupa katika vichochoro vya Kikuubo, na anaweza kusimamisha keki ya ghorofa tano yenye maua ya sukari ambayo nyuki angetua juu yake. Ufundi huo una heshima yake. Lakini ukimuuliza keki ya bibi yake ilikuwaje, atakuambia ilikuwa nzito, nyeusi na tamu sana, basi. Ilikuwa na mayai mangapi? Ilipimwa kwa nini? Ilikaa siku ngapi kabla ya kuliwa? Hajui, na hajawahi kudhani kuna la kujua.

Lipo. Mapishi ya kale ya keki ya Mengo yanastahili kuokwa tena kama yalivyoandikwa, pamoja na vipimo vyake vya ajabu na moto wake usio na namba, na yanastahili kuhesabiwa katika urithi wa Buganda. Wapo watakaocheka, na kicheko chao kinajulikana kitakakoanzia: keki ni ya Mzungu. Buganda ina luwombo, nyama au karanga zilizofungwa katika jani la mgomba lililobabuliwa na kupikwa kwa mvuke, na simulizi humtaja hata aliyeibuni, Kawuuta, mpishi wa Kabaka Mwanga, mnamo mwaka 1887. Keki inaingiaje hapo?

Inaingia kwa mlango uleule ulioingiza kanzu. Vazi hilo, ambalo leo hakuna bwana harusi wa Kiganda anayethubutu kwenda kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho, bila kulivaa, lililetwa na wafanyabiashara wa pwani. Waliwasili katika baraza la Kabaka Suuna II katika miaka ya 1840, wakiwa na nguo, bunduki na dini. Gomesi nalo, lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana, limebeba jina la fundi cherehani Mgoa, na historia yake inahusishwa na wasichana wa shule ya Gayaza, iliyofunguliwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1905. Hakuna anayesema kanzu ni ya Mwarabu au gomesi ni la Mgoa. Vimevaliwa, vimefuliwa, watu wamezikwa navyo, vimekuwa vya wenyewe. Ni keki peke yake iliyoachwa kusimama mlangoni na mzigo wake kama mgeni, ingawa harusi ya Kikristo ya Mengo isiyokuwa na keki ingezua maneno kwa mwaka mzima.

Lugha yenyewe imeshakubali. Mganda anaita mkate omugaati, sukari anaiita ssukaali, sufuria sefuliya, na bakuli ni bbakuli. Maneno hayo yalipanda kutoka pwani pamoja na vitu vyenyewe. Kabaka Mutesa wa Kwanza alijifunza Kiswahili, na wamisionari wa CMS walipofika Buganda mwaka 1877 walianza kufundisha kwa maandishi ya Kiswahili kabla hawajawa na ya Kiluganda. Kwa hiyo jiko la Mengo lilikuwa na msamiati wa kuokea hata kabla keki ya Kiingereza haijateremshwa mezani. Neno keeki likaja kuongezwa mwisho wa orodha.

Sasa miko. Kiswahili kina mwiko wa aina mbili: ule wa mti wa kukorogea, na ule wa jambo lisilofanywa. Katika historia ya keki ya Mengo miko yote miwili imo.

Buganda ya zamani iliwakataza wanawake kula kuku na mayai. Mwanamke alimfuga kuku, akamchinjisha, akampika, akampelekea mume na wageni, naye mwenyewe akala kitu kingine. Mwiko huo uliingia karne ya ishirini ukiwa na nguvu zake, na vijijini ulikawia zaidi kuliko mjini. Sasa mfikirie binti wa chifu katika shule ya bweni ya mwanzoni mwa karne hiyo, akiwa na bakuli mbele yake na mayai sita kando. Hakuna chakula cha Kiganda kilichotaka mayai sita kwa mpigo. Keki ndiyo iliyataka. Na yai likishapotelea ndani ya sukari na unga halina sura tena. Halifanani na lile alilokatazwa nyanya yake. Mwiko huo haukufutwa kwa tangazo siku moja. Ulilegea kidogo kidogo, shuleni, kanisani, hospitalini ambako wauguzi walisisitiza mama wajawazito wale mayai, na si vigumu kuamini kwamba keki ilisaidia kuulegeza kwa njia ya kimyakimya zaidi kuliko hotuba yoyote. Anayevunja mayai ndani ya bakuli Mengo leo hafikirii hayo. Daftari la zamani linapoandika mayai mawili tu mahali ambapo kitabu cha Kiingereza kinaandika manne, huenda ni umaskini, huenda ni kuku hawakutaga, na huenda ni mwiko uliokuwa bado unavutana na mpishi. Ndiyo sababu hesabu hiyo isisahihishwe.

Watu wanaooka kwa mapishi ya kale katika nchi nyingine wamekwisha kugundua kwamba kosa kubwa ni kusahihisha mapema mno. Mfano mzuri ni keki ya ratili. Hannah Glasse, katika kitabu chake cha upishi kilichotoka London mwaka 1747, anataka ratili moja ya siagi, moja ya unga, moja ya sukari, na mayai 12, ila sita kati yake yatiwe viini tu. Anatia na kisibiti kidogo. Ratili ni kama gramu 454, kwa hiyo hii ni keki ya watu wengi. Hana bekingi pauda, kwa sababu haikuwapo. Kinachoinua keki yake ni hewa peke yake, na hewa hiyo inaingizwa kwa mkono au kwa mwiko mkubwa, kwa saa nzima.

Mpishi wa sasa akiyasoma mayai 12 huguna, huyapunguza, kisha hutia vijiko viwili vya bekingi pauda, na kinachotoka ni keki ya juzi yenye jina la kale. Mpishi wa Mengo ana bahati ambayo mwenzake wa London hana. Mayai ya wakati wa Glasse yalikuwa madogo, na mayai ya kuku wa kienyeji, yanayouzwa kwenye vikapu sokoni pembeni mwa yale ya kuku wa kisasa, nayo ni madogo. Akiyatumia hayo, hesabu ya 1747 inakaa sawa bila kuguswa. Kinachotoka kwenye bati ni keki iliyobana, yenye punje ndogo ndogo, ganda lililopasuka katikati, na uzito unaoshtua mkono. Inakatika vipande vyembamba bila kumomonyoka. Siku ya tatu ni tamu kuliko ya kwanza. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba neno “nzito” la mjukuu halikuwa malalamiko juu ya mpishi mbaya.

Bekingi pauda ilibuniwa Birmingham mwaka 1843 na Alfred Bird, mkemia ambaye mkewe alidhuriwa na hamira. Kabla yake alikuwa ametengeneza unga wa kastadi usiotumia mayai, kwa sababu mkewe alidhuriwa na mayai pia. (Ndoa hiyo imeifanyia meza ya dunia mengi.) Poda hiyo ikarahisisha kila kitu na ikaleta shida mpya kwa wanaoishi milimani. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hewa ni nyepesi kidogo, na keki iliyoandikiwa London huweza kuumuka haraka, ikajisifu, kisha ikatumbukia katikati kabla haijashika. Mpishi aliyeshindwa mara mbili hupunguza poda kwa robo ya kijiko, huongeza unga kidogo, na huandika namba mpya juu ya ile ya zamani. Mkwaruzo mmoja wa kalamu ya wino, nao ni jiografia nzima.

Moto nao una historia yake. Uingereza ilianza kuuza majiko ya gesi yenye kidhibiti joto, yaliyoitwa Regulo, mwaka 1923. Vitabu vingi vya kabla ya hapo havina nyuzi wala namba. Vinasema moto wa haraka, moto wa wastani, moto wa polepole, na mpishi alitupa kipande cha karatasi nyeupe ndani ya tanuri akahesabu inavyobadilika rangi. Kwa mpishi wa sigiri lugha hiyo haina ukale wowote. Ni lugha ya kila siku. Mapishi ya 1850 yanasomeka kwa urahisi zaidi mbele ya makaa ya Mengo kuliko mbele ya jiko la umeme la ghorofani Kololo, na hili ni jambo ambalo wapenzi wa keki za kale wa Ulaya wangelilipia nauli kuliona.

Kuna mapishi yaliyoandikwa kwa ajili ya siasa zaidi ya kuliwa. Mwaka 1927 Bodi ya Masoko ya Himaya ya Uingereza ilisambaza mapishi ya pudini ya Krismasi ya Mfalme George V, na kila kiungo kilitajiwa koloni lake: zabibu za Australia na Afrika Kusini, mdalasini wa Ceylon, ramu ya Jamaika, karafuu za Zanzibar. Ilikuwa ramani ya kuliwa kwa kijiko. Uganda haikutajwa: zao lake lilikuwa pamba, na pamba hailiwi. Mwaka uliofuata, 1928, chama cha akina mama wa kanisa la St. Andrew's Nairobi kilitoa kitabu cha upishi na utunzaji wa nyumba kwa walowezi wa Kenya, nacho kikachapishwa upya mara nyingi kwa miongo iliyofuata. Vitabu vya namna hiyo vilisafiri kwa mikono ya mabibi hadi kwenye meza za Entebbe na Kampala.

Lakini mabibi hao hawakukoroga. Hili husahaulika kila keki ya enzi hizo inapotajwa kwa jina la mke wa mmisionari au wa bwana shauri. Hannah Glasse mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akiwaandikia watumishi. Katika nyumba za Wazungu za Afrika Mashariki mpishi kwa kawaida alikuwa mwanamume Mwafrika, ambaye mara nyingi alisomewa mapishi mara moja au mbili kisha akayabeba kichwani miaka thelathini. Yeye ndiye aliyejua kuni zipi zinatoa moto mkali, siagi ya duka lipi imechacha, na unga wa gunia lipi una wadudu. Alipohama mwajiri, keki ilihama naye. Alipostaafu kijijini, ilifika kijijini. Jina lake halimo katika kitabu chochote, na kilichobaki ni keki zilizookwa na binti zake na wakwe zake, ambao nao walipunguza hapa na kuongeza pale.

Mengo ilikuwa njia panda ya haya yote. Daktari Albert Cook na muuguzi Katharine Timpson, waliokuja kuoana mwaka 1900, walifika mwaka 1897 baada ya kutembea kwa miguu miezi kadhaa kutoka pwani, na hospitali ya Mengo ikaanza mwaka huohuo. Wakati huo chochote cha kuokea kutoka Ulaya kililetwa kichwani mwa mpagazi, na unga wa ngano uliotembea hivyo si unga wa kuchezea. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa zikamaliziwa safari kwa meli ziwani, na bei ikashuka. Ngano yenyewe haikuwa zao la Buganda, na hadi leo sehemu kubwa ya ile inayoliwa Uganda hununuliwa nje. Kidogo hulimwa kwenye miinuko ya Kapchorwa, mlimani Elgon. Keki ilianza ikiwa chakula cha watu wa juu. Ilishuka kwa ngazi tatu: shule za wasichana, makanisa, na vilabu vya akina mama vilivyoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambako kushona, usafi na upishi vilifundishwa pamoja. YWCA, iliyoanza kazi Uganda mwaka 1952, ikaendeleza masomo ya namna hiyo mjini.

Wapo waliovilaumu vilabu hivyo kwa kuwafundisha wanawake keki badala ya sheria na biashara. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, mwanamke aliyejua kuoka alikuwa na kitu cha kuuza Jumamosi, na fedha ya Jumamosi haikupitia mkononi mwa mume.

Halafu sukari. Binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alipoolewa tarehe 20 Novemba 1947, nchi yake ilikuwa bado inagawiana sukari kwa kadi, na viungo vya keki yake yenye kimo cha karibu mita tatu vilichangiwa kutoka mbali, vingine vikiwa zawadi ya wasichana wa Girl Guides wa Australia. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Novemba 1948, Kabaka Mutesa II alimwoa Damali Kisosonkole katika kanisa la Namirembe, katika nchi iliyokuwa na viwanda viwili vikubwa vya sukari: cha Lugazi, kilichoanzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, na cha Kakira, cha Muljibhai Madhvani, cha 1930. Kwa kipimo cha sukari, Mengo ilikuwa tajiri kuliko London.

Utajiri huo haukudumu. Mwaka 1968 Uganda ilizalisha zaidi ya tani 150,000 za sukari. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, wenye viwanda wakiwemo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa karibu na kufa. Sukari, chumvi na sabuni zikawa bidhaa za foleni na vibali. Aliyetaka kilo za ziada kwa ajili ya harusi alizitafuta kwenye magendo, neno lingine la Kiswahili ambalo Uganda ililichukua na kulifanyia kazi kupita wenyewe. Mapishi ya miaka hiyo ndiyo yenye thamani kuliko yote, na ndiyo ambayo watu huona aibu kuyahifadhi. Keki inayotiwa ndizi zilizoiva mno ili kupunguza sukari. Keki yenye mafuta ya kupikia mahali pa siagi. Unga wa ngano uliochanganywa na wa muhogo, kwa mkono uliokwisha kuzoea kabalagala, zile chapati nene tamu za ndizi ndogo na muhogo zinazokaangwa kando ya barabara. Waingereza wana keki zao za vita, Wamarekani wana keki za miaka ya 1930 zisizo na yai, maziwa wala siagi, zinazoinuliwa kwa magadi na siki. Wanazioka kwa fahari na kuzipa majina. Mengo ina zake na inazificha.

Keki ya matunda makavu, ile nyeusi, ilipona kwa sababu inavumilia. Inaweza kuokwa wiki kadhaa kabla ya harusi, ikafungwa, ikanyweshwa pombe kali kidogo kidogo. Mpishi mlokole hatii pombe. Zabibu zake hulowekwa katika chai ya rangi au maji ya machungwa. Jirani yake Mwislamu hufanya vilevile kwa sababu nyingine. Keki hizo mbili hutoka na ladha tofauti kabisa na ile ya kitabu, na mtu anayezipenda hawezi kuambiwa kwamba amekula nakala pungufu. Na keki hiyo haimalizikii ukumbini. Maharusi hupiga magoti mbele ya wazazi wa pande zote mbili wakiwakabidhi keki nzima nzima, na zinazobaki hukatwa vipande vidogo vya kuzungushwa kwa wageni mamia. Uzito wake una kazi. Keki laini ya kisasa ikikatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba huishia kwenye mapaja ya gomesi.

Pingamizi moja ni la haki. Makaa yanakausha misitu ya Uganda, na moshi wa jikoni unaua watu. Hakuna anayeombwa arudi kwenye mchanga na sigiri kwa kazi ya kila wiki. Mafundi wa Katwe, upande wa pili wa Lubiri, hukunja mabati na kuunda oveni za kila ukubwa, na mwenye umeme autumie. Kinachoombwa ni kuoka mara moja moja kwa njia ile ya kwanza, ili ijulikane daftari linasema nini, kisha kuliandika upya pamoja na tafsiri yake.

Tafsiri hiyo inahitajika kweli. Daftari likiandika tumpeco mbili za unga, mtoto wa leo wa Toronto au Dubai atakwama. Tumpeco ni kikombe cha bati cha nusu lita hivi, kilichochukua jina la kiwanda cha Uganda kilichokuwa kikikitengeneza, na masokoni jina hilo likawa la kipimo chenyewe. Tumpeco ya unga uliochekechwa hukaribia gramu 250. Ya sukari hupita 400. Anayehesabu kikombe ni kikombe atapata tofali. Yapo mengine. Siagi katika daftari huweza kuwa siagi ya ng'ombe, majarini ya Blue Band, au Kimbo ya kopo, na kila moja huacha alama yake. Vanila huenda ni ya chupa, huenda ni maganda halisi, maana wilaya ya Mukono, saa chache tu kutoka Mengo hata kwa foleni mbaya, hulima vanila inayosafirishwa kwenda kutiwa katika keki za Wazungu. Kuitumia vanila ya chupa Mengo ni sawa na kununua samaki wa kopo Kisumu.

Mgeni anayetembezwa Mengo hupitishwa barabara ya Kabaka Anjagala, akaonyeshwa sanamu za koo, kisha Bulange, jengo la bunge la Buganda, ambako kuna kobe mkubwa mkongwe anayepigwa picha kuliko mawaziri. Meza moja ya keki za kale mwishoni mwa matembezi hayo, kila kipande na karatasi yake inayosema kimetoka daftari la mwaka gani na kilipimwa kwa nini, isingegharimu zaidi ya unga na mayai. Shule za wasichana zinazotimiza karne zingeweza kuomba madaftari ya wahitimu wao kabla wajukuu hawajayatia moto. Vyuo vya upishi vingeweza kumtaka kila mwanafunzi aje na keki moja ya mtu aliyezaliwa kabla ya uhuru wa 1962, aioke bila kuibadili, na aandike pembeni jina la aliyekoroga.

Jina hilo ni muhimu kwa sababu kukoroga ndiko kazi. Saa nzima, anasema Glasse, na mkono uende upande mmoja. Katika saa hiyo makaa ya sigiri huwa yameongezwa mara mbili, mchanga umepata moto wa kuunguza kidole, siagi imeacha kuwa ya njano imekuwa nyeupe kama povu la maziwa, na mtoto aliyeahidiwa kulamba mwiko ameshauliza mara nne kama bado.